Kizuri Chajiuza? Nilichokiona Kwenye Matangazo ya Riwaya za Zamani

Usiku huo nilinunua bando la usiku kwa kazi moja tu. Nilitaka kuisoma riwaya ya mwandishi wa Kimarekani Edith Wharton, The House of Mirth, vile walivyoisoma watu wake wa kwanza: kipande kwa kipande, mwezi hadi mwezi, ndani ya Scribner's Magazine ya mwaka 1905. Maktaba nyingi za Marekani zimepiga picha majarida yao ya zamani na kuyaweka mtandaoni bure, kwa hiyo sikupata taabu kuipata. Nikashusha juzuu ya miezi sita ya mwanzo, nikaanza kufungua kurasa.

Ilikuwa safi. Hadithi, mashairi, michoro, vyote mahali pake. Lakini Januari ilipokwisha, ukurasa uliofuata ulikuwa tayari Februari. Jalada halipo. Bei haipo. Tangazo hata moja la sabuni halipo, ilhali nilikwishasoma kwamba majarida ya miaka ile yaliweza kubeba kurasa zaidi ya 100 za matangazo katika toleo moja. Nilidhani faili ni bovu, nikashusha jingine, likawa vilevile.

Kumbe ndivyo yalivyohifadhiwa. Jarida la wakati ule lilipangwa hivi: maandishi katikati, matangazo mbele na nyuma, na kurasa za matangazo zikiwa na namba zake mbali na zile za hadithi. Nusu mwaka ikiisha, maktaba ilipeleka matoleo sita kwa fundi wa kujalidi. Fundi alichana majalada, akachana matangazo, akashona kilichobaki kuwa kitabu kimoja kinene. Nafasi ya rafu ni ndogo, na nani atakuja kusoma tangazo la piano miaka 100 baadaye? Walipokuja watu wa kupiga picha, walizikuta juzuu zilizokwisha kuchanwa. Wasomi wawili, Robert Scholes na Sean Latham, walilisema jambo hili kwa uchungu mwaka 2006. Mradi wao, Modernist Journals Project, wa vyuo vikuu vya Brown na Tulsa, umefanya kazi ya kutafuta matoleo ambayo hayakupitia mikononi mwa fundi, yenye jalada na matangazo yake. Humo ndimo nilimohamia, na nikajikuta hadithi naziacha, nasoma matangazo mpaka adhana ya alfajiri.

Inabidi niseme kwa nini yalinishika hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilitoa riwaya. Mchapishaji aliipokea, akaihariri vizuri, akaichapa kwa karatasi nzuri. Siku niliyokwenda kuchukua nakala zangu nilimwuliza, kwa adabu, atawaambiaje watu kwamba ipo. Mzee yule aliniangalia kwa upole akaniambia, "Mwanangu, kizuri chajiuza." Sikuwa na la kujibu. Methali ni ya wazee, naye ni mzee, na nilitaka sana kuamini kwamba kazi yangu ni nzuri. Mwaka ulipoisha nilirudi ofisini kwake. Mabunda yalikuwa ghalani, yamefungwa kwa kamba ileile ya kiwandani. Kwa muda mrefu nilijiuliza riwaya ile ilikuwa na ubaya gani. Nilipoanza kusoma kurasa zile za Marekani na Uingereza nikaanza kujiuliza jambo jingine: nani aliwahi kuambiwa kwamba ipo?

Sasa turudi kwenye kurasa zenyewe.

Mara nyingi nyumba ya uchapishaji ilinunua ukurasa mzima na kuujaza vitabu vyake: jina la kampuni juu kwa herufi kubwa, riwaya mpya ya msimu katikati ikiwa na mchoro au picha ya mwandishi, na pembeni vitabu vingine vilivyopewa mistari miwili mitatu kila kimoja. Chini bei. Marekani riwaya mpya ilikuwa dola 1.50 karibu kila mahali. Uingereza ilikuwa shilingi 6, tangu ilipokufa ile desturi ya kutoa riwaya moja kwa juzuu tatu, baada ya mwaka 1894. Maneno nayo yalikuwa na desturi zake. "Toleo la kwanza limekwisha kabla ya siku ya kutoka." "Nakala ya elfu hamsini." Halafu vipande vya sifa vilivyokatwa kutoka magazeti, kila kipande na jina la gazeti lake, na nukta tatu pale mhakiki alipoanza kulalamika. Baada ya mwaka 1895 ukaongezeka msemo mwingine. Jarida la The Bookman la New York lilianza mwaka huo kuchapa orodha ya vitabu vinavyotakiwa zaidi madukani, na mara "kinaongoza orodha" ikawa sifa inayotosha peke yake. Mwenye The Bookman alikuwa Dodd, Mead, nyumba ya uchapishaji.

Hilo la mwisho si bahati mbaya. Majarida makubwa ya fasihi yalizaliwa ndani ya nyumba za uchapishaji. Harper's ilianzishwa na Harper & Brothers mwaka 1850, Cornhill ya London na Smith, Elder mwaka 1860, Scribner's Magazine na Charles Scribner's Sons mwaka 1887. Jarida lilikuwa duka la mbele la kiwanda: mwandishi anaonja wasomaji, wasomaji wanamwonja mwandishi, kisha kitabu kinatoka. Kuna kisa cha miaka ya 1870 nakipenda sana. Kampuni ya cherehani ya Howe iliwaahidi akina Harper dola 18,000 wapewe ukurasa wa mwisho wa jarida kwa mwaka mmoja. Dola 18,000 za wakati ule! Harper wakakataa. Ukurasa ule waliutaka wenyewe, watangazie vitabu vyao.

Baadaye mambo yalibadilika. Mwezi Oktoba 1893 Frank Munsey alishusha bei ya jarida lake hadi senti 10, chini ya gharama ya kulichapa, akawaachia watangazaji walipe pengo. Wengine wakamfuata. Hapo ndipo riwaya ilipojikuta imepangwa na sabuni, kamera, baiskeli na baadaye magari, wote wakigombea jicho moja la msomaji. Na hapo ndipo ugumu wa kutangaza kitabu unapoonekana. Mwenye sabuni akimpata mteja leo, atampata tena mwezi ujao, kwa sabuni ileile na jina lilelile. Riwaya mtu huinunua mara moja. Mchapishaji mwenye riwaya 20 kwa mwaka ana bidhaa 20 tofauti, kila moja inahitaji kutambulishwa kwa watu upya, na kila moja inabakiza senti chache baada ya duka, mpiga chapa na mwandishi kuchukua chao. Ukurasa mmoja wa jarida lenye wasomaji laki kadhaa ungeweza kumeza faida yote. Ndiyo maana waliyabana majina mengi kwenye ukurasa mmoja. Nimewahi kuzisoma kurasa hizo kwa kioo cha kukuzia, herufi ndogo kama chungu, na mle chini kabisa nikakuta majina ya watu ambao sijawahi kuyasikia na ambao walikaa miaka wakiandika.

The House of Mirth haikuwa na shida hiyo. Ilianza kutoka Januari 1905 ndani ya Scribner's Magazine, na kipande cha mwisho kilipangiwa Novemba. Kitabu chenyewe kilitoka tarehe 14 Oktoba. Angalia hesabu hiyo vizuri. Msomaji amemfuata Lily Bart, mhusika mkuu, miezi kumi, roho juu, na kabla hajaambiwa mwisho wake anaona kitabu kizima kimefika dukani. Angesubiri? Nakala 40,000 za kwanza zilikwisha upesi, na mwaka haukuisha kabla hazijafika 140,000. Scribner walikiri kwamba hawajawahi kuona kitabu chao kikiuzwa kwa kasi hiyo.

Wharton hakufurahia kila kitu. Kwenye karatasi iliyofunika jalada, watu wa matangazo walikuwa wameandika kwamba kwa mara ya kwanza pazia limefunuliwa juu ya jamii ya matajiri wa New York. Aliwaandikia waondoe. Aliona aibu, alidhani nyumba kama Scribner ingemkinga na makelele ya namna ya Harper. Wakaondoa. Ila mwanamke huyohuyo, miaka sita nyuma, mwaka 1899, kitabu chake cha kwanza cha hadithi fupi kilipotoka, aliwalalamikia Scribner hao hao kwamba hawamtangazi vya kutosha, ilhali wachapishaji wengine walikuwa gazetini kila mara. Simwoni kigeugeu. Kila aliyewahi kuandika atamwelewa: unataka watu waitwe, na unataka waitwe kwa sauti ambayo hutaionea haya.

Halafu kuna Theodore Dreiser, na hapa ndipo nilipofunga kompyuta nikakaa gizani.

Mwaka 1900 alikuwa kijana wa miaka 28, mwandishi wa makala za majarida, ana riwaya moja: Sister Carrie. Aliipeleka Doubleday, Page, nyumba mpya kabisa. Msomaji wao wa miswada alikuwa Frank Norris, naye mwandishi wa riwaya, akaipenda mno, wakakubaliana. Bwana mkubwa, Frank Doubleday, alikuwa safarini Ulaya. Aliporudi na kuisoma hakuitaka. Msichana anaishi na wanaume asioolewa nao, na kitabu kinaisha bila adhabu kumfikia! Alimwomba Dreiser waachane na mkataba. Dreiser akakataa, akashikilia neno walilopeana. Basi Doubleday akafanya kile ambacho mkataba ulimlazimu, na si zaidi. Alichapa nakala zipatazo 1,000. Akazifunga kwa kitambaa chekundu kilichofifia, jina kwa herufi nyeusi, bila mchoro wala pambo. Kitabu kikatoka tarehe 8 Novemba 1900, na hapakuwa na tangazo.

Norris peke yake ndiye aliyehangaika, akituma nakala kwa wahakiki mmoja mmoja. Wako walioisifu. Lakini msomaji wa kawaida aliyefungua jarida mwezi huo hakukuta jina lile. Zikauzwa nakala 456. Mrabaha wa Dreiser ulikuwa dola 68 na senti 40. Nimepiga hesabu mwenyewe: gawanya, utapata senti 15 kwa kila nakala, yaani asilimia kumi ya dola 1.50. Kitabu ambacho leo kinafundishwa vyuoni kama mlango wa riwaya ya Marekani ya karne ya 20. Dreiser aliugua kwa huzuni. Mwaka 1903 ilibidi kaka yake, mtunzi wa nyimbo, ampeleke mahali pa kupumzisha afya, kisha akafanya kazi ya kibarua kwenye reli ili mwili na akili virudi.

Mwaka 1907 kampuni ndogo ya B. W. Dodge, ambayo Dreiser mwenyewe alikuwa na hisa zake, ikaitoa upya riwaya ileile na safari hii ikaitangaza. Ikauzwa kwa maelfu. Hadithi haikuwa nyingine. Carrie alikuwa Carrie yuleyule.

Na Doubleday, Page walijua vizuri kutangaza, hilo ndilo linaloniuma. Februari 1906 walitoa The Jungle ya Upton Sinclair, kuhusu machinjio ya Chicago. Walikuwa na kijana wa uenezi, Isaac Marcosson, aliyesambaza kurasa za kitabu kwa magazeti kabla hakijatoka. Walikuwa pia na jarida lao, The World's Work, na mwezi Mei likachapa makala za kuthibitisha uchafu ule wa nyama. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo Marekani ikawa na sheria ya ukaguzi wa nyama. Nyumba ileile, wino uleule, miaka mitano na ushee baada ya kumzika Carrie kwa kunyamaza.

Kelele za miaka hiyo zilikuwa nyingi na si zote zinazonivutia. Bobbs-Merrill wa Indianapolis waliuza riwaya za mapenzi kwa michoro ya mabibi warembo iliyochorwa na akina Howard Chandler Christy na Harrison Fisher, na wakati mwingine nadhani watu walinunua mchoro. Book Supply Company ya Chicago ilimfikisha Harold Bell Wright mpaka kwenye mashamba ambako duka la vitabu halikuwepo, kwa tangazo na fomu ya kuagiza kwa posta. Mwaka 1909 Harper walitoa The Inner Shrine bila jina la mwandishi, na fumbo la "nani kaiandika?" likawa ndilo tangazo, ikaongoza mauzo ya mwaka mzima Marekani, na mwandishi alikuwa Basil King, mchungaji mstaafu. London nako, Marie Corelli alikuwa ameshafanya kinyume: mwaka 1895 aliweka ilani mwanzoni mwa The Sorrows of Satan kwamba wahakiki hawatapelekewa nakala, wakiitaka wanunue kama watu wengine. Ilani hiyo ilizungumzwa kuliko tangazo lolote.

Aliyelipatia jina lote hili ni Gelett Burgess, mchekeshaji. Mwaka 1907, kwenye karamu ya mwaka ya wauza vitabu wa Marekani, aligawa kitabu chake kikiwa kimefunikwa kwa karatasi yenye picha ya msichana anayepiga ukelele mkono mdomoni, akamwita Miss Belinda Blurb, na juu yake akaandika kwamba naam, hii ni "blurb", wachapishaji wengine wote wanaifanya, kwa nini sisi tusifanye? Waingereza na Wamarekani mpaka leo maneno ya sifa nyuma ya kitabu wanayaita kwa jina la binti huyo.

Sikutegemea kukuta mlango wa kwetu katika haya, lakini upo. Septemba 1885, kampuni ya Cassell ilituma watu usiku kubandika mabango London nzima, na asubuhi jiji likaamka likiambiwa kwamba King Solomon's Mines ni kitabu cha ajabu kuliko vyote vilivyopata kuandikwa. Mwandishi, H. Rider Haggard, hakuwa na jina kubwa. Nakala 31,000 zikauzwa mwaka wa kwanza. Kitabu hicho ndicho kilichofasiriwa na Frederick Johnson na kutolewa na Longmans mwaka 1929 kwa jina ambalo wengi wenu mnalijua: Mashimo ya Mfalme Sulemani. Nakala ya baba yangu ilikuwa haina jalada, nami niliisoma chini ya kitanda kwa tochi. Nina mengi ya kusema juu ya namna kitabu kile kinavyomwona Mwafrika, na nitayasema siku nyingine. Leo nawaza kwamba kilinifikia mimi, mtoto wa Tanga, kwa mnyororo ambao pete yake ya kwanza ni gundi ya mabango ya usiku mmoja.

Kwa hiyo nimekuwa nikiigeuza methali ya yule mzee kichwani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni naielewa: embe lililoiva linanuka toka mbali. Kitabu hakinuki. Kimefungwa, na uzuri wake uko ndani, baada ya saa sita za kusoma. Lazima pawe na mtu wa kusimama mlangoni aseme, njooni. Wauza duka wa Kariakoo husema biashara matangazo, na hakuna anayewadhania kwamba khanga zao ni mbovu kwa kuwa wanaziita kwa sauti. Fasihi tumeitendea kana kwamba kuitwa kwa sauti ni kuivua heshima. Nilimkasirikia mchapishaji wangu, lakini najua hakunifanyia hila. Aliamini alichoniambia, na katika fani yake hapa kwetu hakuwa peke yake.

Mwezi uliopita nilirudi ofisini kwake. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwonyesha kwenye simu ukurasa mmoja wa mwaka 1912: nyumba ya uchapishaji, riwaya sita, bei chini. Aliutazama muda mrefu, akaukuza kwa vidole, akasoma majina ya mle chini moja baada ya jingine, kwa sauti. Akaniuliza ni nini kiliwapata hawa. Nikamwambia wengi sijui, lakini siku hiyo angalau kuna mtu aliyewasoma majina. Akamwita kijana wa ghala, akamwambia afungue kamba.

Tumekubaliana ninunue mabunda mawili kwa bei ya kiwandani na yaliyobaki ayatangaze yeye, redioni na kwenye gazeti, kabla shule hazijafunguliwa. Maneno ya tangazo aliniachia niandike mimi. Nimekwisha kuandika mistari minne. Sikusema kwamba ni kitabu cha ajabu kuliko vyote, wala kwamba nimefunua pazia la mtu. Nimesema ni hadithi ya mama na binti zake wawili katika nyumba ya kupanga Chumbageni, mwaka wa mafuriko, na nikaweka bei.